Jinsi ya Kupima Pawa Saplai ya Kompyuta ya Mezani kwa Testa ya Mkononi, Hatua kwa Hatua

Wiki haipiti hapa Mwanga, Kigoma, bila mtu kuniletea kompyuta ambayo tayari ameshaitolea hukumu. "Fundi, pawa saplai imekufa, nimeipima mwenyewe na testa." Pawa saplai ni lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Naipima mbele yake, naikuta nzima. Kesho yake anakuja mwingine: testa ilimwambia pawa saplai ni nzima, akanunua mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), na kompyuta bado inajizima.

Kwetu kosa hili ni ghali. Vipuri vingi hutoka Kariakoo, na kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi stesheni ya Kigoma. Ukiagiza kifaa kisicho chenyewe, unasubiri siku kadhaa, kisha unaanza upya. Kwa mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, hizo ni siku za bila mkate.

Nimeona makosa matatu yakijirudia. Watu hupima pawa saplai ikiwa bado imeshikana na kompyuta. Husikiliza mlio wa testa bila kusoma namba. Na la tatu, ambalo ndilo baya zaidi, huishia kwenye testa bila kuibebesha pawa saplai mzigo. Testa hupima pawa saplai ikiwa imepumzika, wakati kompyuta huitaka ikiwa inafanya kazi. Mwongozo huu unayashughulikia yote matatu, lakini hilo la tatu nitalikalia kwa muda mrefu zaidi.

## Vifaa utakavyohitaji

- Testa ya pawa saplai yenye skrini ya namba. Zile zenye vitaa vya kijani tu hukuambia umeme upo, hazikuambii ni kiasi gani.
- Multimeta ya kawaida inayopima volti za AC (umeme wa ukutani) na DC (umeme unaotoka kwenye pawa saplai).
- Waya wa umeme wa kompyuta ambao una uhakika ni mzima.
- Bisibisi ya nyota.
- Brashi laini ya rangi, ambayo haijawahi kutumika.
- Hadi diski (hard disk) ya zamani ambayo bado inazunguka, hata kama haisomeki.
- Balbu ya taa ya mbele ya bodaboda, volti 12 na wati 35, pamoja na kipande cha waya chenye plagi ya Molex (ile ya nyaya nne ya diski za zamani) ya kupokelea. Matumizi yake yako Hatua ya 8.
- Karatasi na kalamu. Ukitegemea kichwa, ukifika namba ya nne umesahau ya kwanza.

## Onyo kabla ya kugusa chochote

Usifungue boksi la pawa saplai. Ndani kuna kapasita kubwa zinazohifadhi umeme wa volti 300 na zaidi, na hubaki na umeme huo kwa muda hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Vipimo vyote vya mwongozo huu hufanyika kwa nje.

Usipime kukiwa na radi. Kati ya Oktoba na Mei mawingu ya ziwani hujikusanya haraka, na radi ikipiga karibu huweza kuingia kwa njia ya waya wa umeme hadi kwenye testa uliyoishika. Chomoa kila kitu, subiri ipite.

Na kama kompyuta ilinyeshewa ikiwa njiani kwenye bodaboda, usiiwashe "kuona tu kama inawaka". Iache ikauke kabisa kwa siku kadhaa mahali penye hewa. Shoti inayotokana na unyevu huiua pawa saplai ambayo ilikuwa salama.

## Hatua ya 1: Hakikisha testa inaifaa pawa saplai hiyo

Fungua ubavu wa kasha la kompyuta, uangalie plagi kubwa inayoingia kwenye mazabodi. Kama ina pini 24, au 20 kwa zile za zamani, endelea.

Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua huku ni Dell OptiPlex na HP za maofisini. Kuanzia miaka ya 2013 hivi, nyingi kati ya hizo zina plagi yao wenyewe, ya pini 6 au 8, na pawa saplai yake hutoa volti 12 tu. Hizo volti nyingine hutengenezwa na mazabodi. Testa ya kawaida haiingii humo, na usijaribu kuilazimisha. Kwa mashine hizo tumia multimeta (Hatua ya 9).

Dell nyingi zina msaada wake: nyuma ya pawa saplai kuna kitufe kidogo na kitaa. Chomoa plagi zote zinazokwenda kwenye mazabodi na diski, washa umeme wa ukutani, kisha bonyeza kitufe. Kitaa cha kijani kikiwaka, pawa saplai inatoa umeme. Kisipowaka kabisa, imekufa.

Kuna mtego mwingine kwa mwenye mashine kongwe. Baadhi ya Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina plagi yenye umbo lile lile la kawaida, ila nyaya zimepangwa tofauti. Testa itapiga kelele kwenye pawa saplai iliyo nzima.

## Hatua ya 2: Pima umeme wa ukutani

Hatua hii watu huiruka, na mara nyingi ndiko tatizo liliko.

Weka multimeta kwenye volti za AC, kipimo cha 600 au 750, upime soketi. Umeme wetu ni volti 230. Kati ya 207 na 253 endelea na kazi. Chini ya hapo shughulika na umeme kwanza, kwa sababu pawa saplai yenye njaa ya umeme hutoa majibu ya uongo. Ikiwezekana pima tena jioni, wakati majirani wote wamewasha majiko na televisheni, maana umeme wa mchana si lazima uwe sawa na wa saa mbili usiku.

Usipimie kwenye inveta ya sola ya bei nafuu. Nyingi hutoa umeme wa mawimbi yenye pembe badala ya mawimbi laini, na pawa saplai za kisasa huweza kukataa kuwaka kwa umeme huo ingawa hazina kasoro.

Kisha angalia vitu vitatu:

- Fyuzi ya plagi. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani. Ifungue, uipime. Nimewahi kupokea mashine iliyosafirishwa kutoka Kibondo kwa sababu ya fyuzi hiyo peke yake.
- Swichi ya nyuma ya pawa saplai. Mstari (I) ni kuwaka, duara (O) ni kuzima.
- Swichi nyekundu ya volti, kama ipo. Lazima isome 230. Ikiwa iko 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlipuko na kuona moshi, na pawa saplai hiyo haitarudi tena. Mashine iliyotoka Marekani iangalie mara mbili.

Ukifanikiwa: una uhakika kwamba umeme mzuri unaifikia pawa saplai. Sasa lawama ikija, inakuja kihalali.

## Hatua ya 3: Tumia macho na pua

Chomoa waya wa umeme. Mulika tochi kwenye matundu ya boksi. Tafuta kapasita zilizotuna juu kama kifuniko cha chupa kilichopulizwa, au zilizotoa ute wa kahawia. Nusa. Harufu ya kuungua haina mjadala.

Safisha vumbi kwa brashi kwa nje, kwenye feni na matundu. Mashine za Kasulu huja na vumbi jekundu lililoshikamana kama tope. Za karibu na ziwa, Kibirizi na Ujiji, huja na kutu na mara nyingine mjusi aliyekauka ndani. Ukiona mjusi au sisimizi waliokufa ndani ya boksi, usiwashe. Mwili wa mjusi ukilala juu ya sehemu mbili za umeme ni waya tosha wa kuleta shoti.

Zungusha feni polepole kwa kijiti. Ikiwa imekaza, andika. Feni iliyokufa haizuii volti kutoka, lakini itaichemsha pawa saplai hadi ijizime baada ya dakika kadhaa, na wewe utadhani ni virusi.

## Hatua ya 4: Chomoa kila plagi ya pawa saplai

Chomoa plagi zote: ya mazabodi, ya prosesa (ubongo wa kompyuta), za diski, za kadi ya picha (ile inayolisha skrini, kama ipo), hata ya feni ya mbele kama inapata umeme huko. Zote kabisa.

Sababu ni hii. Pawa saplai nzuri ina ulinzi. Ikikutana na shoti mahali popote inajizima papo hapo. Ukiacha diski moja yenye shoti ikiwa imeunganishwa, testa itasoma sifuri na utaitupa pawa saplai ambayo kosa lake ni kukulinda.

Kabla ya kuchomoa, piga picha kwa simu ili ujue kila plagi ilikuwa wapi. Bonyeza kishikizo cha plagi kwa kidole kabla ya kuvuta, na shika plagi yenyewe, si nyaya. Huna haja ya kuitoa pawa saplai ndani ya kasha kama nyaya zinafika mezani.

## Hatua ya 5: Unganisha testa, umeme ukiwa umezimwa

Swichi ya nyuma iwe kwenye O. Ingiza plagi ya pini 24 kwenye testa. Kishikizo kiangalie upande wenye mdomo wake. Kama plagi ni ya 20 ikiwa na kipande cha 4 pembeni, viunganishe pamoja kwanza.

Sasa plagi ya prosesa. Hapa ndipo watu huunguza testa. Plagi ya prosesa ya pini 8 na ile ya kadi ya picha ya pini 8 zinafanana sana, lakini njano na nyeusi zimekaa kinyume. Ukiiingiza ya prosesa kwenye tundu la kadi ya picha kwa nguvu, umeleta shoti. Zitofautishe kwa kuhesabu nyaya: ya prosesa ina njano nne na nyeusi nne, ya kadi ya picha ina njano tatu na nyeusi tano. Kama nyaya zote ni nyeusi, soma maandishi kwenye plagi: ya prosesa huandikwa CPU, ya kadi huandikwa PCIe.

Kwenye testa nyingi, ingiza plagi moja tu ya aina hii kwa wakati mmoja. Ukimaliza ya prosesa, itoe ndipo uweke ya kadi ya picha.

Plagi isiyoingia kwa nguvu ya vidole viwili ina sababu ya kutoingia.

## Hatua ya 6: Washa, kisha soma namba

Washa soketi ya ukutani, kisha geuza swichi ya nyuma kwenye I. Testa yenyewe ndiyo inayoiamuru pawa saplai iwake, kwa hiyo zile mbinu za kukunja kipande cha waya kati ya waya wa kijani na mweusi hazihitajiki.

Feni ianze kuzunguka, skrini iwake, mlio usikike. Usiridhike na mlio. Andika kila namba, ukilinganisha na mipaka hii:

- +12V (huandikwa +12V1 na +12V2): 11.40 hadi 12.60
- +5V: 4.75 hadi 5.25
- +3.3V: 3.14 hadi 3.46
- 5VSB: 4.75 hadi 5.25
- -12V: 10.8 hadi 13.2 (alama ya kutoa mbele)
- PG: milisekunde 100 hadi 500

Mipaka hii si ya kubuni: volti chanya zinaruhusiwa kuyumba asilimia 5 juu au chini, na ile ya -12 asilimia 10.

Kila namba ina maana yake.

12V ndiyo inayolisha prosesa, kadi ya picha na mota za diski. Kompyuta ya leo huishi kwa volti 12, kwa hiyo namba hii ndiyo ninayoiangalia kwanza na ndiyo ninayoiangalia mwisho. Ikisoma 11.45 iko ndani ya mpaka, lakini mimi siipi alama ya kupita mpaka nione inavyofanya chini ya mzigo.

5VSB ni umeme unaobaki hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi waya uko ukutani. Ndio unaosubiri kidole chako kwenye kitufe cha kuwashia. Ukiwa haupo, kompyuta haitaonesha dalili yoyote ya uhai.

Namba ya PG si volti. Ni muda. Pawa saplai ikishawaka hungoja volti zitulie, ndipo huitumia mazabodi ishara kwamba sasa ni salama kuanza. Mpaka ishara hiyo ifike, prosesa hushikiliwa isifanye kitu. PG ikiwa sifuri, au fupi kuliko 100, au ndefu kupita 500, utaona kompyuta inayozungusha feni bila picha, au inayojiwasha upya yenyewe. Hili ni kosa ambalo multimeta haikuoneshi kirahisi, na kwa sababu hii peke yake testa inastahili pesa yake.

-12V ikiwa imeyumba kidogo siifanyi sababu ya kutupa. Kompyuta za sasa karibu haziitumii. Ichukue kama dalili ya uzee.

Testa nyingi huandika LL pale volti ilipo chini mno au haipo, na HH ilipo juu mno. LL ni ubovu wa kawaida. HH ni hatari: zima papo hapo, na usiirudishe pawa saplai hiyo kwenye kompyuta hata kwa sekunde moja. Itaua mazabodi na diski pamoja na kila ulichohifadhi humo.

Skrini haiwaki kabisa? Rudia Hatua ya 2. Kama fyuzi, waya na swichi ni vizima, pawa saplai imekufa. Feni inashtuka mara moja kisha inasimama? Pawa saplai inajilinda na shoti iliyo ndani yake mwenyewe, maana nje haina kitu isipokuwa testa.

## Hatua ya 7: Plagi nyingine, moja baada ya nyingine

Plagi ya 24 ikiwa bado imo, ingiza plagi za SATA (zile bapa za diski za kisasa) kwenye testa, kisha za Molex, moja moja. Angalia kama kitaa au namba inaonekana, kisha tikisa waya taratibu karibu na plagi. Namba ikiruka au kuzimika, pini imelegea au waya umekatika ndani. Pawa saplai ni nzima. Plagi hiyo ndiyo mbovu. Iwekee alama ya plasta usiitumie.

Molex ina pembe mbili zilizokatwa ili isiingie kinyume, lakini plastiki iliyochakaa hukubali. Ikiingia kinyume, volti 12 huenda mahali pa volti 5. Angalia pembe kila mara.

## Hatua ya 8: Ibebeshe mzigo

Mpaka hapa pawa saplai yako imesoma vizuri. Wengi huishia hapa, na ndipo mazabodi zisizo na hatia hununuliwa.

Testa ina resista ndogo ndani zinazovuta umeme kidogo sana. Kompyuta ikifanya kazi huvuta wati 60, 100, na zaidi kama kuna kadi ya picha. Kapasita zilizochoka huweza kushikilia 12.1 bila mzigo kama mzee anayesimama wima akiwa mikono mitupu. Mpe gunia, ndipo utajua magoti yake.

Mwalimu mmoja alinijia na kompyuta ya shule, inajizima kila wanafunzi wakifungua programu ya pili. Testa ilisoma 12.08, PG safi, kila kitu ndani ya mpaka. "Basi, fundi, ni mazabodi?" Nikamwambia, "Subiri kidogo, mwalimu." Nikaweka balbu. Volti 12 ikashuka hadi 10.9, na baada ya dakika chache pawa saplai ikazima yenyewe. Tulibadilisha pawa saplai tu, mazabodi haikuguswa.

Fanya hivi, umeme ukiwa umezimwa:

Chukua kipande cha waya chenye plagi ya Molex ya kupokelea. Unganisha waya wa njano na mguu mmoja wa balbu ya bodaboda, na waya mweusi na mguu wa pili. Tumia konekta ya skrubu, usisokote kwa mkono. Waya mwekundu uufunge kwa plasta, usiguse kitu. Balbu yenyewe haichagui upande.

Balbu nyingi za mbele za bodaboda zina nyuzi mbili, taa ndogo na taa kubwa. Tumia moja. Wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampea 3, mzigo wa maana kwa kipimo cha mezani.

Iweke balbu juu ya kigae au sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Inachoma mkono na inayeyusha plastiki.

Kisha ongeza ile hadi diski ya zamani kwenye plagi nyingine. Si pambo. Pawa saplai nyingi za zamani na za bei ya chini hudhibiti volti 12 na volti 5 kwa pamoja. Ukibebesha 12 peke yake, 12 hushuka na 5 hupanda, hata kama hakuna ubovu. Diski huvuta pande zote mbili, kwa hiyo kipimo kinakuwa cha haki.

Washa. Balbu iwake kwa mwanga mmoja usiopepesa, diski izunguke. Soma 12V na 5V kwenye testa mara moja, kisha baada ya dakika tano, kisha ya kumi. Usizidishe hapo, kwa sababu resista za testa nazo hupata joto.

Mafanikio yanaonekana hivi: 12V imeshuka kidogo tu, tuseme kutoka 12.10 hadi 12.00, na inabaki hapo hapo hadi mwisho. Kushindwa kunaonekana hivi: iko chini ya 11.40, au inazidi kushuka kila unapoangalia, au mwanga wa balbu unapepesa, au pawa saplai inazima.

Kama inazima sekunde ile ile unapowasha, usiihukumu bado. Balbu ya baridi huvuta umeme mwingi mno kwa kitambo kidogo inapowaka, na ulinzi unaweza kuruka. Zima, subiri dakika moja, jaribu tena. Ikishindwa tena tumia balbu ndogo ya indiketa. Ikishika hiyo bila shida, ongeza ya pili.

## Hatua ya 9: Pima ndani ya kompyuta ikiwa inafanya kazi

Irudishe pawa saplai kwenye kompyuta kwa kufuata picha uliyopiga. Acha plagi moja ya Molex huru. Weka multimeta kwenye DC 20. Ncha nyeusi iingie kwenye tundu la waya mweusi, nyekundu kwenye tundu la waya wa njano. Shika kwa utulivu. Ncha moja ikigusa njano na nyeusi kwa pamoja ni shoti.

Washa kompyuta, kisha ipe kazi: cheza video, nakili mafaili makubwa, fungua programu kadhaa kwa pamoja. Soma wakati inahangaika, si wakati imetulia. 11.40 kwenda juu, imepita. Kwa volti 5 pima waya mwekundu, isipungue 4.75.

Wenye Dell na HP za plagi maalumu, hiki ndicho kipimo chenu kikuu. Chomeka ncha nyekundu ya multimeta nyuma ya plagi, pembeni ya waya wa njano, huku ncha nyeusi ikigusa chuma cha kasha kisicho na rangi.

## Pawa saplai imepita kote, lakini kompyuta haiwaki

Bado usinunue mazabodi. Kwenye plagi ya pini 24, pima waya wa kijani kwa nyuma, kompyuta ikiwa imezimwa lakini waya wa umeme uko ukutani. Unapaswa kuona karibu volti 5. Sasa mtu mwingine abonyeze kitufe cha kuwashia. Namba ishuke hadi karibu na sifuri.

Isiposhuka, amri ya kuwasha haijafika. Tafuta kwenye kitufe chenyewe na kile kiwaya chake chembamba kinachoingia mazabodi. Kichomoe, kisha gusanisha kwa bisibisi zile pini mbili za mazabodi kilikotoka. Kompyuta ikiwaka, umepona kwa gharama ya kitufe.

Ikishuka halafu kila kitu kinazimika papo hapo, kuna shoti nje ya pawa saplai. Tazama skrubu iliyoanguka chini ya mazabodi, tundu la USB lililopinda pini zake ndani, kisha chomoa diski na kadi moja moja ukijaribu kila mara. Kile kitakachoachwa nje na kompyuta ikawaka ndicho mwenye kosa.

## Ikiwa imekufa kweli

Unaponunua nyingine, beba testa na balbu yako hadi dukani. Muuzaji mwema hatakataa upime mbele yake, na kwa ya mtumba usikubali kuondoka bila Hatua ya 6 na ya 8. Soma pia karatasi ya ubavuni: angalia ampea za volti 12, si wati kubwa zilizoandikwa kwa herufi nene juu ya boksi. Volti 12 mara ampea zake ndizo wati zitakazoilisha kompyuta yako.

Andika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya boksi jipya: tarehe, 12V bila mzigo, 12V na balbu, PG. Baada ya miezi sita pima tena. Ikiwa ile ya balbu imeshuka kutoka 12.00 hadi 11.60, anza kutafuta nyingine mapema, kabla ya msimu wa mitihani au wa hesabu za mwisho wa mwaka.

Ile mbovu ichomoe ukutani, iache siku nzima, kisha ukate plagi yake ya pini 24. Usiiache ikiwa na plagi nyuma ya duka, maana kijana mwenye hamu ya kujifunza ataiokota na kuichomeka kwenye kompyuta ya mtu.